Wingu la Eufemia

Agua Mansa, New Mexico
9 Machi

Mdogo wangu mpendwa Wilfredo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa Baba, kwa Mama, na kwa yule mbwa wako ambaye hadi leo analalia kiatu kimoja ulichokiacha. Sisi huku hatujambo. Theluji imeyeyuka barabarani, imebaki kivulini mwa kanisa tu, na goti langu linauma kila upepo ukibadilika, kwa hiyo nalo ni zima. Wasiwasi wetu ni juu yako. Kile kikohozi kimepoa? Bado wanakupanga kwenye chumba cha barafu pamoja na wale samaki? Mama anasema uvae soksi mbili mbili. Nilimwahidi kwamba nitaliandika hilo mwanzoni kabisa kabla sijasahau, basi nimeliandika.

Najua habari umeipata nusu. Baba alikutumia ile picha na ujumbe wa herufi kubwa tupu, kisha simu ya meli yenu ikafa kama ilivyo desturi yake, na tangu hapo nasikia nusu ya kijiji imekuandikia. Usimwamini yeyote. Mimi nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, tena mahali pengine nilikuwepo bila kupenda. Tafuta mahali penye joto ukae usome.

Unakumbuka Baba alipostaafu lori la gesi tulisema sasa tutamwona nyumbani. Kumwona tulimwona, lakini miguu tu, ikipanda ngazi. Alitoboa dari ya chumba cha kushonea cha Mama, akasimika ngazi katikati pale cherehani ilipokuwa, na juu ya paa akajenga lile kuba lake la mabati, akaingiza darubini, kamera, kompyuta na kiti cha kinyozi alichokipata sijui wapi. Mlangoni akabandika karatasi: USIGUSE KITU. Hiyo karatasi ilimlenga Mama, maana mimi sipandi ngazi na mbwa hajui kusoma.

Wewe uliondoka mambo hayajapamba moto. Majira haya ya baridi tulikula na kulala Orioni, lile kundi la nyota. Baba alikuwa akipiga picha za yale mawingu yaliyo chini ya mkanda wa Orioni. Si mawingu ya mvua, ni yale ya gesi na mavumbi ambamo nyota huzaliwa. Padri Anselmo alipokuja kutusalimia, Baba alimweleza kwamba vumbi hilo hujikusanya polepole, likajibana, likapata joto, mpaka linawaka na kuwa nyota, na kwamba sisi sote, pamoja na supu ya mahindi, posole, iliyokuwa mezani, tulianza kama vumbi la namna hiyo. Padri akasema hata yeye huhubiri habari za vumbi kila Jumatano ya Majivu, ila hajawahi kupata wasikilizaji wenye bidii kama Baba. Mama alikuwa anapakua. Akauliza kwa upole kama vumbi lililo juu ya kabati la Baba nalo tunalisubiri liwe nyota, au anaweza kulipangusa.

Nilicheka. Sikupaswa kucheka, maana Mama hakuwa anatania.

Kwanza paa lilianza kuvuja. Unalijua paa letu, tambarare kama meza, udongo mtupu, ukilitoboa unajitakia. Theluji ikiyeyuka, maji yanashukia kitandani, tena upande wa Mama. Baba aliweka beseni kwenye godoro akamshauri Mama alale mshazari. Halafu ikaja harusi ya Graciela wa Mama Mdogo Ninfa, kule Pueblo. Ikaangukia Jumamosi isiyo na mwezi, na redio ikatangaza anga safi. Baba akasema atakuwa nao kwa moyo. Mama akapanda basi peke yake na gauni alilolishona mwenyewe, akaketi harusi nzima kando ya kiti kitupu chenye kadi ya jina la Baba, na kila aliyepita akauliza mgonjwa anaumwa nini. Alinisimulia baadaye kwamba mara ya kwanza alijibu mafua. Ilipofika keki alikuwa ameshamfanyia operesheni ya nyongo.

Aliporudi alishusha lile sanduku la kahawia kutoka juu ya kabati. Mimi nilipata habari kwa Mama Mdogo Ninfa, ambaye alinipigia simu kazini, pale zahanati, nikiwa na mgonjwa mbele yangu, akaniambia niende nikamlete dada yake Pueblo Ijumaa, na kwamba si kwa matembezi. Nikamuuliza Baba anasemaje. Akasema Baba hajaambiwa, kwa kuwa hajashuka.

Lakini unamjua Mama. Asingeweza kuondoka na kuacha nyumba chafu. Wiki ile alifua mapazia, akasugua sufuria nyuma, akatoa kila kitu kabatini akakirudisha. Alipiga deki mpaka mbwa akawa anateleza. Nilipomuuliza anamsafishia nani, alinijibu kwamba majirani wataingia kumpa Baba pole, na hataki waone jiko lile.

Ijumaa jioni nikafika na gari. Sanduku liko mlangoni, Mama amevaa koti na hereni, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Hakuwa analia. Aliniambia posole iko kwenye friji na nimwonyeshe Baba ilipo. Mara tukasikia kishindo juu, na Baba akashuka ngazi akikosa vipago, kavaa ile kofia ya masikio na soksi moja, anapiga kelele kama nyumba inaungua.

Amegundua wingu! Jipya! Chini kidogo ya mkanda wa Orioni, mahali ambapo ramani zote ni giza tupu, kuna mng'ao wa duara, laini, mfano wa pumzi kwenye kioo. Picha zake za mwaka jana hazina. Alituvuta wote wawili mbele ya kompyuta. Akatueleza kwamba ndani ya vumbi lile nyota changa imeamka, ikaliangazia vumbi lake lililoizunguka, na kwamba huenda hapa duniani hakuna aliyeiona kabla yake.

"Nimeshawaandikia wale wa chuo kikuu," akasema. "Na jina nimewapa. Wingu la Eufemia."

Mama alikuwa bado ameshika mkoba. Akauliza: "Kwa nini langu?"

"Sasa ningelipa la nani?" Baba akauliza, tena kwa mshangao wa kweli.

Wilfredo, Mama alivua koti. Akalitundika. Akasema posole haijipashi moto yenyewe, akaenda jikoni, na nikasikia bomba la maji likifunguliwa kwa muda mrefu kuliko posole inavyohitaji. Mimi nikalirudisha sanduku juu ya kabati mwenyewe, na goti langu hili.

Basi, kuanzia hapo umaarufu. Bi Lucero wa maktaba aliikuza ile picha akaitundika mlangoni. Gazeti la wilaya likaja likampiga Baba picha, ameelekeza kidole juu mchana kweupe. Mama akawa anaenda dukani kununua kitu kimoja kimoja ili apate sababu ya kurudi. Bi Cleofas, yule wa mikate, alisema mbele yangu kwamba mumewe katika maisha yao yote alitumia jina lake mara moja tu, kumpa mbuzi, tena mbuzi mwenyewe mkorofi. Nyumbani nako kukageuka. Baba aliziba paa. Nalirudia ili usidhani umesoma vibaya: Baba aliziba paa. Mama akawa anaimba akishona, akapaka rangi ya midomo siku ya kazi, na jioni moja niliwakuta wameshikana mikono mbele ya taarifa ya habari, wakaachana haraka kama wanafunzi.

Ndipo aliponipigia simu Daktari Ostrander.

Huyu ni mama wa chuo kikuu ambaye kazi yake maisha yote ni mavumbi ya angani. Baba alikuwa ameandika namba yangu kwa sababu yake hawezi kuisikia akiwa kwenye kuba. Alikuwa mtu mpole sana, na upole wake ndio uliniogopesha. Aliniambia wameelekeza darubini kubwa mahali pale. Hakuna kitu. Akaomba apelekewe picha za Baba zile za awali, nikampelekea kimyakimya, na kesho yake akanipigia tena.

Akanifafanulia hivi, nami nakupa kama nilivyoelewa. Kamera yoyote ina punje za vumbi kwenye kioo chake, nazo hutia vivuli kwenye picha. Kwa hiyo wapiga picha za anga hupiga kwanza picha ya shuka jeupe, waone vivuli viko wapi. Kisha kompyuta inaichukua picha ya anga na kupaangaza kila mahali penye kivuli, mpaka palingane na pengine. Baba alipiga picha yake ya shuka vizuri kabisa. Ila baada ya hapo mtu akapangusa kioo. Vumbi likaondoka na kivuli chake, lakini kompyuta haikuambiwa. Ikaendelea kupaangaza palepale, na pasipo na kitu pakatokea mng'ao. Lile wingu la vumbi, mdogo wangu, lilikuwa ni mahali ambapo vumbi halipo.

Daktari akasema wengi yamewakuta, hata wenye vyeo, na akaniomba nimweleze Baba taratibu.

Nilienda nikamweleze taratibu. Siku ya kwanza nilimkuta amevaa tai anajizoeza hotuba, kwa sababu Bi Lucero ameandaa sherehe kwenye ukumbi wa kanisa. Nikala maandazi yao ya sopapilla nikarudi kwangu. Siku ya pili niliwakuta wanacheza dansi jikoni. Ungeweza wewe? Nikamtuma Padri Anselmo, ambaye amezoea kupeleka habari mbaya kwenye nyumba za watu. Alikaa huko mpaka giza likaingia. Alipotoka nikamuuliza amesema nini, akajibu kwa aibu kwamba ameibariki darubini.

Jumapili ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakaketi madirishani. Bi Cleofas alikuwa ameoka keki nyeusi yenye sukari ya buluu juu, imeandikwa EUFEMIA, na Mama amesimama kando yake na kisu mkononi na utepe nyweleni, amekuwa msichana. Mimi nilikuwa nimeamua nitasema baada ya keki. Halafu nikaamua baada ya kahawa.

Baba akapanda jukwaani. Karatasi ya hotuba aliikunja akaitia mfukoni.

Akasema kwamba jioni kadhaa zilizopita anga lilikuwa safi, akataka kumwonyesha mkewe wingu lake upya. Akapiga kila kitu tangu mwanzo, shuka na anga. Wingu halipo. Akarudia kesho yake. Halipo. Akasema wingu la mavumbi haliwezi kufutika kati ya Jumanne na Alhamisi, kwa hiyo aliyekosea si anga, ni yeye mwenyewe, Eliseo Archuleta. Imetokeaje hajui, lakini hawezi kuwaacha watu wale keki ya uongo. "Wenzangu naombeni radhi," akasema. Kisha akamtazama Mama. "Na wewe zaidi, Eufemia. Nimekupa kitu ambacho hakipo."

Nikaona mikono yake inatafuta mahali pa kukaa, wala haipati. Hapo hofu yote iliniisha, nikasimama, nikasema mbele ya watu yote aliyoniambia Daktari: shuka, kivuli, kompyuta, na kwamba Baba hakukosea hata hatua moja, ila kuna mtu alipangusa kioo cha kamera katikati.

"Haiwezekani," Baba akasema. "Kule juu hapandi mtu. Nimebandika karatasi."

Mama akaweka kisu mezani.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Niliyepangusa. Ulikuwa umekwenda kuchukua kuni. Nikapanda na kitambaa changu, nikafuta meza, nikafuta kile kiti cha kinyozi. Kamera ilikuwa mezani imefunguliwa, na kioo kina punje. Mimi siwezi kuona punje nikaiacha."

Baba akamgeukia. Ukumbi mzima ulikuwa unamsubiri. Akauliza: "Kitambaa kikavu au chenye maji?"

"Kikavu! Unanionaje?"

Watu waliangua kicheko, Padri akawa anashika meza. Lakini Mama hakucheka. Akasema, "Muulize mkeo alikuwa anafuata nini kule juu." Kicheko kikapungua. "Nilikuwa nasafisha nyumba ili niondoke, Eliseo. Nilikuwa nakwenda kwa Ninfa, moja kwa moja. Hukuona sanduku mlangoni?"

"Nilidhani ni la Rosenda," Baba akasema, akinielekezea kidole.

"Nilikuwa nimevaa koti. Ndani ya nyumba."

"Nilidhani unasikia baridi."

Safari hii hakucheka mtu. Bi Lucero alianza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Mama akasema, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Nimekuambia mangapi, mume wangu. Lakini mimi nasemea chini, na wewe uko juu."

Baba alishuka jukwaani. Alisimama mbele yake, keki ikiwa katikati yao. Unajua Baba asivyokuwa na maneno kwa jambo lisilo na vumbi. Mwishowe akasema, "Nilipoliona lile wingu, jina lako lilikuja kabla sijalitafuta. Hilo halikutokana na kamera."

Mama alimtazama sana. Halafu akachukua kisu, akamwambia, "Shika sahani, watu wana njaa," na akaanza kukata kwenye herufi ya kwanza ya jina lake. Alipomlisha Baba kile kipande, sukari ya buluu ikambaki Baba kwenye masharubu hadi tulipofika nyumbani. Hakuna aliyemwambia.

Jioni ile, giza lilipoingia tu, Baba alibandua ile karatasi ya mlangoni mwenyewe, akamwomba Mama apande. Apande kuona, si kusafisha. Mimi niliachiwa kushikilia ngazi, kwa hiyo nilichosikia ni sauti tu. Baba aliielekeza darubini kwenye lile wingu kubwa la Orioni, la kweli, ambalo hata Daktari Ostrander hana ubishi nalo. Nikasikia Mama anasema pale katikati pana uchafu mweusi, kama moshi. Baba akamwambia huo si uchafu, ndilo vumbi lenyewe, na nyuma yake sasa hivi kuna nyota zinazozaliwa. Wakakaa huko juu mpaka goti langu likaanza kulalamika.

"Basi hapo usipaguse," Mama akasema.

Wamekubaliana mambo yao, na mimi nilikuwa shahidi. Kuba linahamia juu ya ghala la kuni. Cherehani inarudi mahali pake. Harusi, ubatizo na msiba vitahudhuriwa na watu wawili, mwezi uwepo usiwepo. Mama naye ataambiwa kila kamera inapofunguliwa, apate kukaa mbali nayo. Jumamosi wanakwenda Pueblo wote wawili kumwomba Graciela radhi. Baba alifungua mdomo kuuliza mwezi utakuwaje Jumamosi, akamwona Mama, akauliza kama gari lina mafuta. Daktari Ostrander amemwandikia barua ya heshima sana, akasema mtu anayejisahihisha mwenyewe mbele ya keki anamfaa, na akampa nyota changa chache azichunge kwa niaba ya chuo. Baba ameisoma barua hiyo kwa kila mtu, hadi kwa mtu wa posta aliyeileta.

Sasa limebaki jambo lako. Rafiki yako wa melini, yule Ferlin, alimtumia Bi Cleofas picha, na Bi Cleofas hakuweza kukaa nayo. Kwa hiyo tunajua. Tunajua kwamba mlipotia nanga ulikwenda ukachorwa Wingu la Eufemia begani, kubwa kama sahani, kwa wino usiofutika. Sijui nikushauri nini, mdogo wangu. Nimewauliza wakubwa. Mama alilia, akasema hilo ni lake na lisiguswe na mtu, tena ulipake mafuta lisikauke. Baba aliitazama ile picha kwa kioo cha kukuzia, kisha akaniagiza nikuandikie kwamba aliyekuchora amegeuza kaskazini kuwa kusini.

Nisikuchoshe zaidi. Wasalimie Ferlin na wenzako wote wa zamu, na mwambie Ferlin nitakuwa na maneno naye. Padri Anselmo anakuombea, mbwa anakungoja, na soksi ni mbili mbili.

Akupendaye siku zote,
dada yako,
Rosenda Archuleta